Sanda ya Kupigia Picha

Siku Bwana Louis alipofika Kindu na sanduku lake la picha, kambi ya wafungwa ilimtia aibu mkubwa wake. Hakufa mtu.

Si kwamba watu wa kambi ile walikuwa wagumu kufa. Tangu vita viishe, na Bula Matari, maana ndivyo watu walivyoiita serikali ya wazungu, iwakusanye Wangwana, Waislamu wa bara waliopigana upande wa Waarabu, na kuwafungia ndani ya boma la miti kando ya mto Lualaba, walikuwa wakifa wawili watatu kila kutwa bila kusumbua mtu. Asubuhi waliviringishwa kwenye mikeka, wakatiwa shimo moja, wakafukiwa, na kabla ya adhuhuri hakuna aliyekumbuka nani alilala juu na nani chini. Lakini siku mbili kabla mgeni hajafika, Bwana Édouard, mkubwa wa kambi, aliamuru kiboko apigwe na nyama igawiwe, ili wafungwa wawe na nyuso za kupigwa picha. Wafungwa wakala. Walipokula, wakaacha kufa. Bwana Édouard alipita kibanda kwa kibanda akiwatazama wagonjwa kama mtu anayechagua kuku wa mgeni, na kila mgonjwa aliyetazamwa alijikaza akaketi, akamwamkia.

Bwana Louis alikuwa na barua kutoka Boma, mji mkuu wa serikali. Huko kwao Ulaya watu walikuwa wameanza kuulizauliza, na barua ilitaka picha nne za kuwatuliza: wafungwa wakipika, wafungwa wakioga, wafungwa wakisali, na mfungwa akizikwa kwa heshima. Tatu za kwanza zilimalizika siku ileile. Kwa ile ya kupika waliinjika masufuria ya maji matupu, moshi ukapendeza. Kwa ile ya kuoga waligawiwa sabuni, na picha ilipokwisha askari akapita na kikapu kuikusanya. Ilibaki ile ya nne, na jahazi la mgeni lingeshuka mtoni kesho yake jioni.

Hapo ndipo Bwana Édouard alipomkumbuka Sudi, karani wake.

Sudi hakuwa mfungwa. Wakati wa vita alikuwa na bahati ya kuwa upande wa pili wa mto, na vita vilipokwisha alikuwa na bahati nyingine ya kujua maneno ya wazungu na kuandika. Watu wa Kindu walimwita mwenye bahati, na walilisema neno hilo bila kucheka. Yeye ndiye aliyeshika daftari la kambi. Ndani ya daftari hilo, kati ya majina mia mbili na kitu, lilikuwemo jina la Zuberi bin Mabruki, mtoto wa baba yake mdogo.

*

Nyumba ya Zuberi ilikuwa upande wa Mikelenge, penye mashamba ya mpunga, na ndani yake walibaki wanawake wawili tu: Aziza, mkewe, na Mwanahamisi, mama yake. Sudi alipofika aliketi kizingitini, kwa sababu hakukaribishwa ndani. Akaeleza kwamba Bwana anatafuta mtu wa kulala kama maiti, muda mfupi tu, apigwe picha. Zuberi alifaa kuliko wote. Alikuwa amekonda, ana uso mzuri, na kwa sababu ya kuhara damu alikuwa ameshazoea kulala.

Mwanahamisi alisema kwamba mtoto wake hakuzaliwa awe mchezo. Akasema pia kwamba mtu anayevalishwa sanda mzima anayaita mauti kwa jina, na kwamba Sudi alipokuwa mdogo alikuwa mwizi wa karanga na hajabadilika. Kisha akaenda kukalia kasha lake, kama alivyofanya kila mara mtu wa serikali alipoingia uani.

Ndani ya kasha lile mlikuwa na sanda yake mwenyewe. Mumewe marehemu aliileta kutoka Unguja kwa miguu, safari ya miezi minane, bafta safi iliyochovywa maji ya Zamzam, au ndivyo muuzaji alivyoapa. Wanawake wa kwao walijiwekea hivyo, kila mmoja na yake, wasije wakamwomba mtu nguo siku ambayo hawawezi kusema ahsante. Vita vilipoipita Kindu, Mwanahamisi aliacha mchele, akaacha sufuria za shaba, akakimbia porini na sanda tumboni kama mwenye mimba. Kila mwezi aliianika, akaikunja upya na kafuri, na kila mwezi alimwambia Aziza asiiguse.

Aziza muda wote huo alikuwa akipepeta mchele. Ijumaa mbili zilizopita alimwona mumewe kwenye matundu ya boma, na akaona damu kwenye nguo yake. Hakuwa mwanamke wa kujidanganya. Zuberi angekufa, na hilo alikwisha kulilia. Kitu kilichomnyima usingizi kilikuwa lile shimo. Hakuweza kuvumilia kwamba mumewe, aliyekuwa hawezi kulala akiguswa hata na mguu wa mtoto, angelala chini ya watu wengine mpaka Kiyama, hajaoshwa, hana sanda, ameelekezwa popote mkeka ulipoangukia.

"Shemeji," alisema, "siku atakufa kweli, watamutia wapi?"

Sudi akatazama miguu yake.

"Muambie Bwana wako hivi. Zuberi atalala. Lakini siku ya kweli azikwe vile vile ya picha. Aoshwe, avae sanda, kaburi yake peke yake, uso kwa kibla. Si mukeka. Si shimo ya watu."

Sudi akaenda, akarudi. Bwana Édouard alikuwa amekubali kabla maneno hayajakwisha kutafsiriwa. Tena alitoa mkono, kwa heshima, akimpa Sudi ampelekee mkono huo Aziza. Lakini na yeye alikuwa na lake: mjane lazima awepo kaburini, akilia.

Aziza akasema kwao wanawake hawaendi kaburini. Sudi akajibu kwamba Bwana Louis analijua jambo hilo na linamsikitisha, ila picha bila mwanamke anayelia haiuzi huruma.

*

Kesho yake saa nne asubuhi kaburi lilikuwa tayari, limechimbwa vizuri kuliko lolote lililowahi kuchimbwa pale. Merikani mpya ilitolewa ghalani, mikono minane, na Zuberi akavalishwa. Alikuwa amekula nyama siku tatu na macho yake yalikuwa na mwanga. Alimwambia mkewe kwamba nguo ile ni laini, na kwamba angependa kanzu yake.

Mwalimu Feruzi, mfungwa aliyekuwa akiwasalisha wenzake, alikataa katakata kumsalia mtu mzima. Baada ya kutishwa kidogo alikubali kusoma kitu. Akawaambia waumini kwa sauti ya huzuni kubwa kwamba angesoma dua ya kushukuru chakula, kwa ajili ya yule kiboko, na wote wakaitikia amina kwa moyo safi.

Bwana Louis alitaka wapige magoti. Mwalimu akaeleza kwamba sala ya maiti ni ya kusimama. Bwana Louis akasema watu wa kwao wakiona watu wamesimama watadhani wanangoja kugawiwa kitu. Wakapiga magoti. Kisha akaleta msalaba wa mbao akauchomeka kichwani pa kaburi, na Sudi, bila kumtazama Mwalimu usoni, akafafanua kwamba bila huo msalaba wale wa Ulaya hawatajua kama lile ni kaburi, wanaweza kudhani ni shimo la viazi.

Kioo cha kwanza cha kunasia picha kiliharibika kwa sababu inzi alitua kwenye pua ya marehemu na marehemu akapiga chafya. Askari mmoja aliyeletwa jana yake kutoka juu ya mto, ambaye hakuna aliyemwambia kitu, alitupa bunduki akakimbia hadi majini. Kioo cha pili kiliharibika kwa sababu marehemu alimwomba radhi Bwana Louis. Kwa kioo cha tatu Bwana Louis alimsihi kila mtu atulie kwa hesabu ya kumi, na akamwambia Aziza alie.

Aziza hakuweza. Alimtazama mumewe, akaona kidole gumba cha mguu kikicheza chini ya merikani, kama kilivyocheza alipokuwa akijifanya amelala asiitwe shambani. Kicheko kikampanda kutoka tumboni. Akajifunika uso kwa ukaya, mabega yakamtetemeka. Bwana Louis akanong'ona kwamba ni vizuri sana, vizuri sana, asiache.

Picha ikashika. Zuberi akavuliwa sanda, ikapigwa vumbi, ikakunjwa, ikarudi ghalani. Kaburi likafukiwa tupu, kwa kuwa Bwana Louis alitaka picha moja ya ziada, ya kaburi lililokamilika.

*

Bwana Louis alikuwa mtu mwangalifu: aliandika chini ya kila picha jina la mtu na tarehe. Na Bwana Édouard alikuwa mtu wa mpango: hakuweza kuiacha picha iende Boma na jina la maiti ambaye daftarini yu hai. Wakaguzi wanalinganisha. Basi akamwamuru Sudi aandike, na Sudi akaandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba Zuberi bin Mabruki amefariki, amezikwa, amepewa sanda.

"Ni karatasi tu," alimwambia Zuberi. "Karatasi haiumi."

Siku iliyofuata, chakula kilipogawiwa, jina la Zuberi halikuitwa. Akangoja mpaka mwisho, akauliza. Mgawaji akampeleka kwa Sudi, Sudi akampeleka kwa Bwana Édouard, na Bwana Édouard, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisikitika kweli. Angemrudisha daftarini leo hii. Lakini picha ilikuwa imekwisha kushuka mtoni, na daftari likisema Zuberi yu hai, picha itakuwa imesema uongo, na picha, kila mtu anajua, haisemi uongo. Akashauri wenzake wamsaidie.

Wenzake walimsaidia, kila mmoja kwa ujazo wa kijiko. Aziza akaleta uji, ukapita kwa askari wa lango, na baada ya askari kuuonja ukamfikia kidogo. Nyama ya kiboko ilikuwa imekwisha na wafungwa walikuwa wamerudia desturi yao ya zamani. Zuberi aliishuhudia mikeka ikitoka kila asubuhi, akiwa peke yake kambini aliyekwisha kuvuka hatua hiyo.

Siku ya kumi alipata wazo. Asubuhi, majina yalipoitwa na lake halikuitwa, alijifunga shuka, akatembea polepole hadi langoni na kutoka. Askari akamrudisha kwa kitako cha bunduki.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani. Jina yangu haiko."

"Haiko, lakini wewe iko," alisema askari, na kwa mawazo ya askari hilo lilikuwa jibu la kutosha. Akampiga mara tatu ili aelewe.

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Penye chakula Zuberi alikuwa marehemu, penye lango alikuwa mfungwa. Mwalimu Feruzi, ambaye alikuwa amesoma sana, alisema katika vitabu vyake vyote hajaona mtu aliyeonewa na hali zote mbili kwa wakati mmoja. Zuberi alicheka, akaomba maji. Siku nne baadaye, asubuhi, akafa kweli, na safari hii hakuna inzi aliyemsumbua.

*

Aziza alifika langoni jua halijawa kali. Hakuwa analia. Alikuwa na ahadi mkononi, na aliishika kama mtu anavyoshika yai. Mwanahamisi alimfuata nyuma, amejitanda, akilaani kila mti wa boma mmoja mmoja.

Aliwakuta Bwana Édouard na Sudi wakiwa barazani na daftari wazi mezani. Aziza akakumbusha: kuoshwa, sanda, kaburi la peke yake, kibla. Bwana Édouard akamsikiliza Sudi akitafsiri, akafungua ukurasa, akaweka kidole. Akaeleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba ahadi ilikwisha kutimizwa. Zuberi bin Mabruki alizikwa siku kumi na nne zilizopita. Alipata sanda, alipata kaburi lake, na msalaba juu yake. Ushahidi upo, picha ipo. Serikali haiwezi kumzika mtu mmoja mara mbili; wengine hapa hawajazikwa vizuri hata mara moja.

Sudi alitafsiri yote isipokuwa maneno ya mwisho. Lakini Aziza aliyaona kwenye uso wake.

"Na yule analala pale?" aliuliza.

Chini ya mti wa kibanda cha tatu palikuwa na mkeka, na miguu miwili nje yake. Bwana Édouard akautazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Akasema huyo atazikwa na wengine.

"Kwa jina gani?"

Sudi hakutafsiri. Alikuwa ameelewa kabla ya mkubwa wake.

"Muulize," alisema Aziza. Sauti yake haikupanda. "Leo walikufa wangapi katika daftari?"

Walikuwa wawili. Mikeka ilikuwa mitatu.

"Basi mumoja si wenu. Zuberi wenu mulizika, picha iko, sawa. Huyu ni muntu mwingine. Daftari haimujui, chakula yenu hakukula. Nipe muntu yangu niende naye."

Bwana Édouard aliposikia hilo aliinuka. Akahesabu mikeka kwa kidole, akahesabu majina. Mkaguzi wa kutoka Boma alikuwa njiani, alitarajiwa kabla ya mwezi kuandama, na alisifika kwa kuhesabu makaburi. Maiti isiyo na jina ingehitaji maelezo, na maelezo yangeiita picha. Mfungwa hatoki, sheria ilikuwa wazi, awe hai awe maiti. Lakini huyu, ukisoma vizuri, hakuwa mfungwa. Hakuwa kitu chochote. Akamwambia Sudi aandike cheti cha lango, kwa sababu kitu hakitoki kambini bila cheti.

"Niandike nini, Bwana?"

Bwana Édouard akautazama mkeka. Akamwambia aandike kile kinachoonekana.

Sudi akaandika: mkeka mmoja, umechakaa. Mwandiko wake siku ile haukuwa mzuri. Askari wa lango, yuleyule wa kitako cha bunduki, akakipokea cheti, akakishika juu chini, akautazama mkeka uliobebwa na wanawake wawili, akasogea. Hatua tatu nje ya lango Sudi aliwafikia, akampokea mama yake mdogo upande wake wa mzigo. Mwanahamisi akamwachia bila neno, na kwa Mwanahamisi hilo lilikuwa jambo zito.

*

Nyumbani hapakuwa na nguo. Aziza alikuwa na ukaya wake na kaniki moja. Akaanza kufungua kaniki, avae gunia, lakini Mwanahamisi alikuwa amekwisha kupiga magoti mbele ya kasha. Alifungua, akaitoa ile bafta ya Unguja, akainusa kafuri yake, akaiweka mikononi mwa wazee wawili wa jirani waliokuja kuosha.

Sanda ilikuwa fupi. Ilikatwa kwa mwanamke mdogo, na Zuberi alikuwa mrefu kama baba yake. Walipoivuta kichwani, miguu ikatoka.

"Nilimuambia aache kukomaa," alisema Mwanahamisi, na hapo ndipo alipoangua kilio, kilio cha kweli, kibaya kusikia, kisichofaa kwa picha. Aziza akavua ukaya wake, akawapa wazee wafunike miguu. Akakitazama kile kidole gumba mara ya mwisho. Kilikuwa kimetulia.

Wanaume wakaenda, wanawake wakabaki nyumbani kama inavyotakiwa. Sala ilisaliwa kwa kusimama.

Kule kambini, kaburi tupu lilipaliliwa majani kila wiki kwa amri ya Bwana Édouard. Mkaguzi alipofika alipelekwa kwanza pale, akavua kofia.

*

Aziza alikuwa amekaa eda, amebakiza siku chache, Bwana Louis alipopita tena Kindu. Alikuwa na kumbukumbu nzuri na moyo wa huruma: alimletea mjane nakala ya picha. Sudi akatumwa kuipeleka, pamoja na salamu kwamba aiweke, akumbuke jinsi mumewe alivyozikwa kwa heshima.

Alisimama uani akazisema salamu hizo zote kama alivyoagizwa, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayetamani kupigwa. Hakuna aliyempiga. Aziza aliipokea picha kwa mikono miwili. Akamwona Mwalimu Feruzi akiwa amepiga magoti. Walikwisha kumtia shimoni mwezi uliopita. Akawaona wabebaji wanne, wawili kati yao wafu sasa. Akajiona mwenyewe, amejifunika, analia vizuri. Na katikati, chini ya msalaba, Zuberi, midomo imebanwa kuzuia kicheko. Aziza hakuwa na sura yake nyingine popote duniani.

"Iko anacheka," alisema Mwanahamisi, ambaye macho yake hayakuwa mazuri lakini kwa mtoto wake yalitosha. Akamnyang'anya mkwewe karatasi ile, akaenda nayo kwenye kasha, akailaza mahali pa sanda. Kasha likaonekana kubwa. Akageuka.

"Sudi. Na mimi nikikufa, mutanifunika na hii?"

Sudi akaondoka bila kuaga. Kesho yake Aziza alipofungua mlango alikuta kizingitini nguo iliyokunjwa. Ilikuwa merikani ya ghala, mikono minane, na pembeni ilikuwa na doa dogo la udongo mwekundu. Ghalani huenda iliandikwa kwamba imeliwa na panya.

Mwanahamisi aliipima kwa mkono wake, akaisugua kati ya vidole, akasema ni nguo ya ovyo ukilinganisha na bafta. Kisha akaiinua hadi usoni, akainusa, akakaa nayo hivyo mpaka uji ukapoa.